Nimeambiwa diski ya jicho langu ina kikombe kikubwa. Je, nitapofuka?

Swali: “Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 47, naishi Singida. Nilienda kupima miwani ya kusomea. Aliyenipima akanimulika ndani ya macho, akasema diski ya jicho la kulia ina kikombe cha 0.7 na la kushoto 0.6, na presha ya macho ni 19 na 18. Akaniandikia matone ya timolol, nitie asubuhi na jioni maisha yangu yote. Nimetumia wiki mbili, sioni tofauti yoyote. Presha yangu ya damu nimepima mara nyingi, haina shida, na naona vizuri isipokuwa maandishi madogo. Mama yangu alipofuka akiwa na miaka sitini na kitu, tuliambiwa ni presha. Mimi nina pumu, natumia pampu hasa msimu wa baridi. Je, hicho kikombe ni tundu? Jicho limetoboka? Niendelee na dawa? Jirani anasema kuna operesheni unafanyiwa ukaona kama zamani, mwingine kaniletea asali nyeusi nitie machoni.”

Marahaba, mwalimu. Nitaanza na pumu, kwa kuwa hilo halisubiri. Timolol ni dawa ya kundi ambalo mgonjwa wa pumu hapaswi kupewa. Ni tone tu, lakini tone halibaki machoni. Linateremka kwenye kijia cha machozi mpaka puani, linaingia kwenye damu moja kwa moja bila kupita kwanza kwenye ini, na likifika kwenye mapafu linaweza kubana njia za hewa. Usitie tone jingine mpaka umeongea na daktari na kumwambia kwa kinywa chako kwamba una pumu. Ikiwa katika wiki hizi mbili umekuwa ukikohoa usiku, kifua kinabana ukipanda ngazi, au pampu inaisha haraka kuliko kawaida, usingoje miadi, nenda hospitali leo. Siku chache bila matone hazitakuharibia jicho, maana ugonjwa unaoshukiwa kwako, glakoma, unaoua neva ya jicho polepole, hutembea kwa miaka. Shambulio la pumu linaweza kukumaliza kwa saa chache.

Sasa tuje kwenye diski. Kila jicho linalo, lako na langu. Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna utando unaopokea mwanga, ambao tunauita retina. Kutoka kila pembe ya retina zinakusanyika nyuzi nyembamba mno za neva, takriban milioni moja, zote zikielekea sehemu moja ili zitoke nje ya jicho kwenda kwenye ubongo. Mahali zinapotokea panaonekana kama duara la rangi ya chungwa iliyopauka, lenye kipenyo cha milimita moja na nusu hadi mbili hivi. Hilo duara ndilo diski. Linaonekana kwa kumulika kupitia mboni, na tunaliona hivyo tangu 1851, Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotangaza chombo cha kumulikia ndani ya jicho. Ni mojawapo ya sehemu chache sana mwilini ambapo daktari anaweza kuitazama neva ya mtu aliye hai bila kumpasua.

Unaweza kuithibitisha diski yako mwenyewe leo jioni ukiwa unasahihisha madaftari. Chora alama ya kujumlisha kwenye karatasi nyeupe, halafu upande wake wa kulia, sentimita 8 kutoka hapo, weka nukta nene. Ziba jicho la kushoto. Shika karatasi umbali wa sentimita 30 hivi, ukodolee alama ya kujumlisha kwa jicho la kulia, usiitazame nukta. Sogeza karatasi kidogo mbele na nyuma. Kuna mahali nukta itapotea kabisa. Imeangukia kwenye diski, na diski haina chembe za kupokea mwanga, ina nyuzi tu zinazotoka. Mfaransa Edme Mariotte alilieleza doa hili pofu katika karne ya 17. Kila mtu analo na wala si ugonjwa, ila limebeba somo ambalo tutalihitaji mbele kidogo: ubongo unajaza pengo kwa ustadi hata hujui kwamba hapo huoni.

Kikombe nacho si tundu. Nyuzi zinapofika kwenye diski hupinda ukingoni na kuzama kuelekea nyuma, na katikati, pasipo na nyuzi, hubaki kibonde. Kibonde hicho ndicho kikombe. Namba 0.7 maana yake ni kwamba, ukipima kutoka juu kwenda chini, kikombe kimechukua sehemu saba kati ya kumi za diski, na ukingo wa nyuzi umepata tatu zilizobaki. Hakuna kilichotoboka. Tunachojiuliza ni kama kikombe chako kimekuwa hivyo tangu unazaliwa, au kimetanuka kwa sababu nyuzi zinakufa na ukingo unaliwa.

Hapa ndipo naona ulipewa jibu la haraka kuliko ushahidi uliokuwepo. Diski za watu hazilingani ukubwa, ilhali idadi ya nyuzi haitofautiani kwa kiasi hicho. Chukua watu arobaini uwapange wamegusana mabega kuzunguka kuta za chumba kidogo, kisha uwapeleke wale wale kwenye ukumbi: katikati ya ukumbi patabaki wazi zaidi, na hakuna aliyeondoka. Ndivyo diski kubwa inavyokuwa na kikombe kikubwa ikiwa nzima kabisa. Na watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, tuna diski kubwa kuliko Wazungu, ambao ndio waliopimwa kwa wingi wakati kanuni nyingi za vitabu zinaandikwa. Kwa hiyo 0.7 bila kupima ukubwa wa diski yenyewe ni nusu ya taarifa. Nimewaona watu wengi wenye 0.7 ambao picha zao hazijabadilika kwa miaka, na nimewaona wenye 0.5 kwenye diski ndogo ambao tayari wamepoteza uoni wa pembeni.

Mtaalamu akikutazama vizuri haangalii namba peke yake. Anaufuata ukingo wote kwa macho. Kwa kawaida ukingo ni mnene zaidi upande wa chini, unafuata wa juu, kisha wa puani, na mwembamba zaidi ni wa upande wa sikio. Ukingo wa chini ukiwa umelika, ukawa na pengo kama umeng’atwa, hiyo ni dalili nzito hata kikombe kikiwa 0.6. Anatafuta pia mstari mdogo wa damu ukingoni mwa diski, mwembamba kama unyoya, unaokaa wiki kadhaa kisha unapotea. Na analinganisha macho mawili: tofauti inayofika 0.2 hutushtua. Yako ni 0.1, na tofauti hiyo hata wapimaji wawili wanaotazama jicho lile lile wanaweza kuipata.

Kuhusu presha. Presha ya macho na presha ya damu ni vitu viwili tofauti. Sehemu ya mbele ya jicho ina maji maangavu, si machozi, yanayotengenezwa ndani mchana na usiku na kutoka kupitia kichujio kilichoko pembezoni, pale sehemu nyeusi ya jicho inapokutana na nyeupe. Kichujio kikizubaa, maji yanatoka polepole kuliko yanavyotengenezwa na mgandamizo unapanda. Mgandamizo huo husukuma diski kutoka ndani, na nyuma ya diski kuna sahani nyororo yenye matundu madogo mengi ambamo nyuzi hupita. Sahani ikipinda, nyuzi hubanwa kwenye matundu hayo, usafirishaji wa chakula ndani ya uzi hukwama, damu inayolisha eneo hilo hupungua, na uzi hufa. Huo ndio ugonjwa wa glakoma. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu ya kupigiwa mfano na bado akawa nao. Mama yako, kwa jinsi ulivyoeleza, inawezekana sana kwamba aliyeambiwa “ni presha” aliambiwa kuhusu macho, na nyumbani mkaelewa damu. Kama kuna cheti chake chochote cha hospitali kwenye sanduku, kitafute. Daktari wako atakihitaji.

Je, 19 na 18 ni kubwa? Kwa desturi tunasema 10 hadi 21, kwa milimita za zebaki, ni kawaida. Lakini wapo wanaopata glakoma wakiwa na 16, na wapo wanaoishi na 25 miaka mingi bila diski kudhurika. Presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Isitoshe, kipimo hutegemea unene wa konea, kile kioo cha mbele cha jicho: konea nyembamba hukifanya kipimo kisome chini ya ukweli, na konea zetu Waafrika kwa wastani ni nyembamba. Kwa hiyo 19 yako inaweza kuwa 19, au kwa kweli ikawa zaidi. Sitaki ulale usingizi kwa sababu namba iko chini ya 21. Na sasa kuna tatizo dogo la ziada: umetumia timolol wiki mbili, kwa hiyo presha itakayopimwa kesho itakuwa imeshushwa na dawa. Mwambie daktari lini ulianza na lini uliacha.

Unasema unaona vizuri, nami nakuamini. Ila sentensi hiyo naisikia karibu kila kliniki ya glakoma, hata kutoka kwa mtu ambaye jicho moja limebakiwa na tundu dogo la kuonea katikati. Uoni wa katikati, ule wa kusomea, huwa wa mwisho kuondoka. Pembeni panamegeka kidogo kidogo, ubongo unajaza kama ulivyojaza ile nukta, na jicho la pili linafidia. Robo ya nyuzi au zaidi inaweza kuwa imekufa kabla kipimo cha kawaida cha uwanja wa kuona hakijaonyesha chochote. Ndiyo maana pia hukuona tofauti ulipotia matone. Hata dawa sahihi, inayofanya kazi vizuri kabisa, haikupi kitu cha kuona. Wengi huacha kwa sababu hiyo. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta glakoma kwa takriban watu 4 kati ya kila 100 waliozidi miaka 40, kwa hiyo si ugonjwa wa nadra kwetu, hata kidogo.

Kwa haya uliyoniandikia, mimi ningekuita mtu anayeshukiwa kuwa na glakoma, mwenye sababu nzito ya kufuatiliwa, ambayo ni mama yako. Ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa wa glakoma wako kwenye hatari mara kadhaa zaidi ya watu wengine. Nisingekuanzishia dawa ya maisha kabla ya kujua tulikoanzia.

Nenda kwa daktari bingwa wa macho, si duka la miwani, na uombe vipimo hivi vifanyike na viandikwe: presha kwa macho yote mawili pamoja na saa iliyopimwa, unene wa konea, kutazamwa pembe ambamo maji hutokea, kwa lenzi maalumu inayogusa jicho lililotiwa ganzi, diski kutazamwa mboni ikiwa imefunguliwa kwa matone, ukubwa wake upimwe na ipigwe picha, na kipimo cha uwanja wa kuona. Hiki cha mwisho huchosha. Unaweka kidevu kwenye kiti chake, unakodolea taa moja ya katikati, na kila unapohisi cheche ya mwanga popote pembeni unabonyeza kitufe. Cheche nyingine ni hafifu mno, mashine imekusudia usizione, kwa hiyo usijilaumu wala usibonyeze kwa kubahatisha. Mara ya kwanza watu wengi hufanya vibaya, ndiyo maana hatuamini kipimo kimoja. Kipo pia kipimo cha OCT kinachopima unene wa tabaka la nyuzi. Ni kizuri, ila mashine nyingi hulinganisha jicho lako na macho ya watu wa asili nyingine, na rangi nyekundu kwenye karatasi isikutishe kabla daktari hajaisoma.

Ukiwa Singida, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikikosekana mashine, KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, au Bugando Mwanza wana kliniki za macho. Siku ya kufunguliwa mboni usiendeshe pikipiki, na usipange kusahihisha chochote kwa saa kadhaa. Picha ya diski uiombe na uitunze kama unavyotunza vyeti vya shule. Mwaka kesho au miaka mitano ijayo, swali litakuwa kama kikombe kimebadilika, na asiye na picha ya kwanza hawezi kulijibu.

Vipimo vikionyesha ni diski kubwa tu, utarudi kupimwa kila mwaka au kila miezi sita, bila dawa. Vikionyesha glakoma, njia ni kushusha presha. Nyingine yenye ushahidi kama huo hatuna, hata kwa yule ambaye presha yake ilikuwa “kawaida”. Kwa mwenye pumu kuna matone mengine, na ambayo madaktari wengi wangeanza nayo ni latanoprost, mara moja kwa siku, jioni. Huweza kuyafanya macho yawe mekundu mwanzoni na kurefusha kope. Kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji. Ikishafunguliwa hukaa wiki sita mahali pasipozidi nyuzi joto 25, na kwa hiyo chupa iliyokaa juani kwenye meza ya duka usiinunue. Tia tone moja tu, funga jicho, bana kwa kidole kona ya ndani karibu na pua dakika mbili. Hapo ndipo kilipo kijia kinachoipeleka dawa puani.

Ila nikiulizwa nachagua nini kwa mtu anayeishi mbali na duka la uhakika la dawa, ambaye mshahara unaisha tarehe 20, nitasema tuzungumzie leza mapema. Ni mwanga unaopigwa kwenye kile kichujio ili kiamke, dakika chache, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Pale KCMC walilinganisha leza hiyo na timolol kwa wagonjwa wa kwetu, matokeo yakachapishwa 2021: baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefanikiwa kwa macho 61 kati ya 100, timolol 31. Utaona kwamba hata leza iliwaacha wengi wakihitaji kitu kingine, na nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Lakini haikuhitaji kukumbuka asubuhi na jioni, na haigusi mapafu. Operesheni ya kufungua njia mpya ya maji ipo pia, kwa walio na ugonjwa mzito au ambao dawa na leza zimeshindwa. Ina hatari zake na inadai kurudi kliniki mara kwa mara.

Jirani yako hakudanganya, amechanganya. Operesheni inayomrudishia mtu uoni ni ya mtoto wa jicho, ambapo lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa nyingine. Uzi wa neva uliokufa kwenye diski haurudi kwa operesheni, kwa leza wala kwa dawa yoyote iliyopo. Tunachokinga ni zile zilizobaki. Asali usitie. Haifiki kwenye diski kwa namna yoyote, na ya kienyeji inaweza kuingiza vijidudu kwenye konea, tukaanza kutibu kidonda badala ya glakoma. Nina ugomvi mkubwa zaidi na yale matone ya “mzio wa macho” yanayouzwa bila cheti, yenye deksamethasoni au steroidi nyingine ndani. Yanatuliza muwasho ndani ya siku moja, mtu anayapenda, anayatumia miezi, nayo yanapandisha presha ya jicho kimya kimya. Kama umewahi kuyatumia, daktari ajue. Ajue pia kama pampu yako ni ya steroidi, ingawa hiyo usiiache kwa sababu ya macho.

Si kila diski iliyoharibika ni glakoma pia. Dar es Salaam, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wameripoti vijana wanaopoteza uoni wa katikati, diski ikipauka upande mmoja bila kikombe kutanuka. Na diski ikivimba badala ya kubonyea, kwa mtu anayeumwa kichwa na kutapika, tunatafuta tatizo ndani ya kichwa. Kwako hakuna dalili ya hayo, lakini ndiyo sababu nataka aliyebobea aitazame.

Jicho likiwa jekundu ghafla, likauma hadi kichwa, ukaona taa zina duara za rangi, ukatapika, hiyo ni presha iliyopanda kwa kishindo na inahitaji hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Vivyo hivyo ukiona kama pazia limeshuka upande mmoja wa jicho.

Mwisho, wadogo zako na kaka zako, kama mmezaliwa na mama mmoja, wamebeba hatari ile ile. Waliofika miaka 40, na hasa wale wanaonunua miwani ya kusomea mezani stendi kwa sababu maandishi yamekuwa madogo, wapimwe diski. Wewe ulijulikana kwa sababu tu ulikwenda mahali ambapo mtu alikumulika kabla ya kukuuzia miwani.